Mtamba wa Jikoni kwa Mayu Holo

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya sinki moja hapa Bariadi, kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Ukilijaza maji kisha ukachomoa kizibo, kwanza lilinyamaza kabisa, kama halijasikia. Halafu maji yakaanza kuzunguka, likatoa mlio mdogo wa kooni. Maji yalipokaribia kwisha likavuta pumzi ndefu, gwoooo, gwoo, glk, kisha kimya. Mwenye nyumba, Mayu Holo, yaani Mama Holo kwetu Wasukuma, alikuwa akiisikia sauti hiyo akiwa uani anapepeta choroko, na bila hata kugeuza shingo anasema, "Anacheua huyo."

Nyinyi mafundi mnajua ni nini. Ni bomba refu la maji machafu lisilo na njia ya hewa. Maji yakishuka yanaivuta hewa kwa nguvu kupitia ule mkunjo wa chini ya sinki, ndipo inanguruma. Dawa yake ni kibomba kidogo cha hewa, kazi ya muda wa kuchemsha chai. Wala sikuwahi kuombwa niifanye. Nitafika huko.

Wadogo zangu wa kijiweni mmeniambia niandike kabla sijasahau, maana nimestaafu. Msicheke. Najua sokoni bado naitwa binti, na mama yangu bado ananiuliza nitaolewa lini. Lakini kifundo cha mkono wangu wa kulia kilivunjika nilipoteleza kwenye ngazi ya tangi, kikaunga kwa kupinda, na daktari akaniambia, "Limi, kazi ya kukaza na kulegeza, basi." Nikamuuliza, "Na kusonga ugali?" Akasema ugali ruksa ukitumia mkono mwingine. Nikaona maisha hayajaharibika sana.

Kwenye ufundi niliingia kwa mlango wa uji. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, nauza uji wa ulezi kwenye majengo yanayojengwa. Mafundi wengine walikunywa huku wakinitania. Fundi Masunga alikunywa kimya, akarudisha kikombe kikiwa kimesuuzwa. Ni yeye tu aliyekuwa akisuuza. Mrefu, mkavu, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwa kali, na mfukoni hakosi katani ya kufungia nyuzi za mabomba, kwa sababu tepu nyeupe za siku hizi anaziita utepe wa harusi. Siku moja nikamwambia nataka kujifunza. Akaniangalia, akaangalia ndoo ya uji.

"Na uji tutanywa wapi?"

"Nitakuja nao."

"Basi njoo kesho."

Kesho yake tukaenda kwenye nyumba ya wageni ambayo ukuta wake ulikuwa unalowa na hakuna aliyejua maji yanatoka wapi. Nilitegemea anipe nyundo. Akaniambia niweke sikio ukutani.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, fundi."

"Sogea. Hapo je?"

"Kama mtu anakaanga dagaa, lakini mbali."

"Mfuate huyo mtu anayekaanga."

Nikatambaa na sikio ukutani kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani, mpaka dagaa wakawa wanakaangwa ndani ya kichwa changu. Masunga akachora alama ya chaki. "Lete tindo." Bomba lilikuwa limepasuka palepale. Tangu siku hiyo nikajua kazi hii ni ya masikio kwanza, mikono baadaye. Vijana mnaokuja na simu masikioni, hapo mnanielewa.

Spana yangu ya kwanza ya bomba alinipa yeye. Ilikuwa nzito, imechakaa meno, na mpini wake aliuviringisha mpira wa tyubu ya baiskeli ili usiniteleze. Mara ya kwanza kukaza nilikaza kwa woga, akanung'unika, "Umeshika kama mkono wa mchumba. Shika kama mkia wa ndama anayekimbia." Hiyo niliielewa haraka. Nimekua na ndama.

Tulizunguka sana miaka ile. Nilijifunza kwamba kila mahali pana uchafu wake. Kalemela, kule kwa wavuvi, karo zinaziba kwa magamba ya samaki. Ukifungua chemba unaona kitu kinang'aa kama shilingi, ukishika ni gamba la sato. Kiloleli ni mchanga na pumba za mpunga. Bariadi mjini ni nywele za bandia na ukoko wa ugali. Ukoko ni adui mpole. Unaingia bombani ukiwa kipande kidogo kigumu, unalala huko, unavimba, unaita wenzake.

Lakini somo kubwa nililipata Mwamapalala. Tuliitwa kwa mzee mmoja mfugaji aliyejenga nyumba ya bati na kuvuta maji kutoka kisima chake. Alitaka tuhamishe koki ya ukumbini. Mimi nilikuwa tayari nimeinama na spana. Masunga akanivuta shati, akaketi kwenye kigoda, akapewa maziwa ya mgando, akanywa, akauliza habari za mvua, na mwisho kabisa ndipo akasema, "Mzee, hii nyumba ni ng'ombe gani?"

Mzee akasimama kana kwamba alikuwa anasubiri swali hilo mwaka mzima. Akatuzungusha. Bati lilikuwa fahali mwekundu aliyemshinda kila fahali mbugani. Milango ilikuwa ng'ombe wawili ndugu wa tumbo moja. Madirisha ni ng'ombe mzee aliyezaa sana, na akayafuta vumbi kwa kiganja akimtaja. Huku kwetu mnajua, mtu hauzi ng'ombe akanunua nyumba. Anamgeuza ng'ombe kuwa nyumba, na ng'ombe anabaki humo.

"Na koki?" Masunga akauliza kwa adabu.

Mzee akafikiri. "Koki? Koki ni beberu tu, na alikuwa msumbufu. Toa."

Tulipokuwa tunarudi Masunga akaniambia, "Kabla ya kukata, uliza ni ng'ombe gani. Ukikata bila kuuliza, bomba linaweza kuacha kuvuja, lakini wewe hutaitwa tena." Nimeuliza swali hilo kwenye nyumba za wakulima, za wafanyabiashara wa pamba, hata kwa mchungaji mmoja aliyejifanya hanielewi kisha akanionyesha kabati. Kwa watumishi wanaotoka mikoa mingine sikuuliza. Wao wanapanga, na nyumba ya kupanga kwao ni kuta. Hapo ndipo palipozaliwa kazi yangu ya mwisho.

Dada Rehema ni mtu wa Tanga, anafanya kazi maabara ya hospitali. Alipanga nyumba kubwa ya Mayu Holo, na Mayu mwenyewe akahamia kwenye chumba kimoja uani, maana kodi ndiyo inayomlisha. Waliishi vizuri. Rehema akipika wali wa nazi anampelekea, Mayu anakula huku akisema chakula gani hiki kinanukia kama mafuta ya nywele, kisha anarudisha sahani tupu.

Rehema alinipigia simu mkono wangu ukiwa umetolewa plasta muda si mrefu.

"Mdogo wangu Limi, njoo unitolee sinki. Nimepata mashine ya kuosha vyombo. Dada yangu wa Dar kahamia nje, kaniachia."

Nikaenda na furaha zangu zote. Mashine ya kuosha vyombo! Nilikuwa nimeziona kwenye simu tu. Mimi ni mtu wa kuota. Tangu nikiwa na ndoo ya uji naota kwamba iko siku wanawake wote wa Simiyu wataosha vyombo wakiwa wamekaa kwenye kiti wanakula karanga. Nikaizunguka ile mashine pale sebuleni kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, nikafungua mlango, nikachungulia ndani, nikavuta trei zake.

"Ukimaliza kuingia humo uniambie," Rehema akasema.

Jiko lake lilikuwa jembamba. Mahali penye maji, njia ya kutoa maji machafu na umeme karibu palikuwa pale tu penye sinki, na kaunta ya saruji ilikuwa fupi mno kwa mashine kukaa chini yake. Ama sinki, ama mashine. Nikamuuliza kwa nini asitafute dada wa kazi. Akacheka kwa uchovu.

"Nimekaa na wadada watatu hapa. Wote wameolewa. Huku kwenu msichana akibeba ndoo vizuri mara mbili, wazee wa kwao wanakuja na habari za ng'ombe. Wallahi, nimekuwa kama nafuga mabibi harusi."

Kisha akafungua vitambaa alivyoviringisha mikononi, na hapo sikucheka. Mikono yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa mbuga mwezi wa tisa. Glavu za kazini zilikuwa zimemletea mzio, na sabuni ya vyombo nyumbani ilimalizia. Glavu alishabadilishiwa aina nyingine, zikamfaa, lakini vidonda havikupata nafasi ya kupona. Mume yuko Tanga, watoto wadogo, vyombo havina likizo. Mkubwa wake alikuwa amemwambia kwa upole kwamba mikono isipopona atamtoa maabara, ampeleke mapokezi.

"Mapokezi si pabaya," nikasema.

"Mie napenda hadubini, Limi. Unaangalia tone la damu, unaona kitu ambacho daktari bado hajakijua wala mgonjwa hajakijua. Unakiona wewe wa kwanza. Nikae mapokezi niwaambie watu wakae kwenye foleni?"

Nilimwelewa sana. Mimi pia nilikuwa na mkono ulionitoa mahali nilipopapenda.

"Mayu Holo amesemaje?" nikauliza.

Rehema akainamisha macho. Alikuwa ameshamwambia asubuhi, kupitia dirisha la jiko, akiwa na haraka ya kazini. Alimwambia mama usiwe na wasiwasi, nitalitoa hili sinki bovu linalonguruma, nikihama nitakununulia jipya zuri zaidi. Mayu aliweka ungo chini. Akamjibu, "Mwisho wa mwezi utafute nyumba yenye sinki jipya." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Nimekosea nini?" Rehema akaniuliza. "Nimemwahidi zuri zaidi!"

Nikamweleza habari za ng'ombe. Mwanzoni alidhani namtania. Kisha akaketi juu ya mashine yake. "Kwa hiyo nimemwambia mtu ng'ombe wake mbovu, nitakuletea mwingine."

"Na kwamba ananguruma."

"Ya Rabi."

Jioni ile nikampigia Masunga. Siku hizi kazi anafanya chache, lakini mimi nilihitaji mikono na Mayu alihitaji mtu mwenye mvi. Kesho yake mchana tukaenda uani.

"Mwadila, Mayu," tukamsalimu.

"Mwadila. Kaeni. Wewe ng'wanike, binti yangu, mkono umepona?"

"Umepona kwa kupinda, Mayu."

"Kupinda si kitu. Mume wangu alikuwa amepinda miguu yote, na tulizaa."

Tukapewa karanga za kuchemsha. Masunga akala bila haraka. Akauliza habari za choroko, habari za miguu, habari za mjukuu aliyeko Kiloleli. Mimi nilikuwa nimeshakaa mkao wa kulia na wa kushoto, bado hajasema kitu. Ndipo akasema, "Mayu, lile sinki la nyumba kubwa ni ng'ombe gani?"

Mayu Holo akafuta mikono kwenye kitenge. Alisimulia akiangalia ukuta wa jiko, siyo sisi. Nyumba yote, alisema, ilikuwa ng'ombe wa mume wake, na ng'ombe wa mume ni wa ukoo. Lakini yeye alikuwa na shamba lake la pamba, kipande cha pembeni alichopewa kwa kuwa hakikumtosha mtu mwingine. Kwa pamba ile alinunua ndama jike mweupe mwenye masikio meusi. Akakua akawa mtamba, na usiku akilala nyuma ya nyumba alikuwa akicheua kwa sauti kuliko wengine, hata mume wake akilalamika hapati usingizi.

"Tulipojenga hapa mjini wakaniuliza, wewe unataka nini. Nikasema nataka kuosha vyombo nimesimama. Tangu mdogo nimeosha nimechuchumaa. Nimechuchumaa na mimba, nimechuchumaa na mtoto mgongoni. Wakacheka. Nikamgeuza mtamba wangu kuwa sinki. Siku ya kwanza maji yakashuka, nikasikia anacheua. Nikamwambia mume wangu, haya, amekufuata na hapa."

Nilitazama pembeni, na ndipo nikaona kitu nilichokuwa nimekipita mara zote nilizokuja pale. Mlangoni mwa chumba chake kulikuwa na beseni, na vyombo vyake chini, juu ya mfuko wa saruji. Mwenye sinki alikuwa amerudi kuchuchumaa.

Akatukusanyia mabakuli aende kuyaosha. Alishuka polepole, mkono mmoja ukutani, goti likatoa mlio. Wakati huohuo Rehema akaingia uani akitoka kazini. Alikuwa amekuja kuomba msamaha, ulimi umejaa maneno ya Tanga ambayo nina hakika alikuwa akiyapanga njia nzima. Alipomwona Mayu chini aliyasahau yote.

"Mama, nipe mie."

"Acha."

"Nipe, mama. Mie nipo, wewe uoshe?"

Akafungua vitambaa, akachuchumaa, akachovya mikono kwenye maji ya sabuni kabla sijasema neno. Akauma mdomo. Mayu akasikia pumzi ile. Akamshika kifundo, akautoa mkono majini, akaugeuza juani.

"Hii mikono imefanya nini?"

"Sabuni, mama. Na glavu."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Nami niko hapa uani tangu masika sijaiona?"

"Niliificha. Niliona haya."

"Sasa mbona uliniambia sinki ni bovu? Ungeniambia mikono."

Rehema, yule mtu wa maneno mengi, akaanza kulia. Mayu akaifuta ile mikono kwa ncha ya kitenge chake, kidole kwa kidole, akinung'unika kwa Kisukuma mambo ambayo sitayaandika, mengine yalihusu watengenezaji wa sabuni na mama zao. Nilijipangusa pua kwenye mkono wa shati. Masunga alimenya karanga zilizobaki mkononi.

Alipoona kumetulia, akasema kama mtu anayeongea na karanga, "Mayu, mtamba huyo akihamia huku kwako, atakosa majani?"

Mayu akanyanyua kichwa. "Huku wapi?"

"Hapa mlangoni. Bomba la uani liko karibu, na karo liko nyuma ya ukuta huo. Kule nyumba kubwa abaki mgeni wa Rehema, ile mashine, mpaka siku atakapohama nayo. Ng'ombe wako akae kwako."

"Na siku nikirudi nyumba kubwa?"

"Anarudi nawe. Limi atakuwa amestaafu, lakini mimi nitakuwepo."

"Wewe utakuwa umekufa."

"Basi nitawaachia maagizo."

Mayu aliangalia beseni. Aliangalia mikono ya Rehema. Kisha akatoa sharti moja: sinki lisitoke kwa mlango wa nyuma kama kitu kilichoibiwa. Lipite mlango wa mbele, mchana, watu wakiona, na yeye atangulie.

Basi Jumamosi tukafanya hivyo. Masunga alilegeza nati ambazo mkono wangu ulikuwa umekatazwa, mimi nikimwelekeza kwa tochi kutoka chini ya kaunta.

"Kushoto, fundi."

"Nilikufundisha mimi kushoto."

"Ndiyo maana nakukumbusha."

Sinki likatoka zima, bila mkwaruzo. Tukalibeba, yeye nyuma kwa mikono miwili na mimi mbele kwa mkono wangu mzima, tukapita sebuleni, tukatoka barazani, tukazunguka nyumba kwa nje, Mayu Holo mbele na fimbo yake. Jirani akapaza sauti juu ya ukuta, "Mayu, mnahama?"

"Mtamba wangu anahama zizi!"

"Mbona hana miguu?"

"Miguu ninayo mimi. Nitasimama kwa niaba yake!"

Kaunta tuliipunguza, mashine tukaisukuma mahali pake. Kwa wale mtakaopata kazi kama hii, angalieni tangi kwanza. Mashine hizi zinataka maji yenye nguvu, na tangi lililowekwa juu ya matofali mafupi halitoi nguvu. La Rehema lilikuwa kwenye mnara mzuri, lakini mashine niliiwekea koki ya peke yake, ili siku za mgao isinywe maji ya watoto. Bomba lake la kutolea maji lipandisheni kidogo kabla ya kushuka, vinginevyo uchafu utarudi ndani. Na mwambieni mwenye nyumba jambo ambalo kitabu cha mashine hakilisemi, kwa sababu waliokiandika hawali ugali.

Nami nilisema. Lakini Rehema kwa furaha akaingiza kila kitu, hata sufuria ya ugali wa mchana. Mashine ikaanza vizuri, ikanung'unika, ikakohoa, ikasimama na taa nyekundu. Nikafungua chujio chini. Ukoko. Ulikuwa umevimba kama sponji, umekaa pale kwa raha zake. Mayu, ambaye alikuwa ameletewa kiti aangalie maajabu, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mashine ya Ulaya imekabwa na ugali wa Bariadi!"

"Mama, nicheke au nilie?" Rehema akauliza.

"Lete sufuria zako kwangu kwanza. Nitaloweka, nitakwangua kwenye sinki langu, nimesimama. Sahani ndiyo umpe huyo mgeni."

Ikawa hivyo, na iko hivyo mpaka leo. Mikono ya Rehema ilichukua muda, ikawa ya waridi kwanza, kisha ya kawaida. Bado yuko kwenye hadubini.

Ila kuna jambo la siku ile ambalo Masunga hajui, wala Mayu.

Sinki la Mayu pale mlangoni nililifunga mimi mwenyewe, kwa muda mrefu, nikitumia mkono wa kushoto. Nilijua ndiyo kazi yangu ya mwisho, nikataka iwe ya kitabuni. Mteremko sawasawa, gundi safi, na kibomba cha hewa nikakipandisha ukutani, kimenyooka kama mwanafunzi mstarini. Masunga akalijaza maji, akachomoa kizibo. Maji yakashuka laini, bila hata mlio. Akanipigia makofi mawili. Kwa Masunga hiyo ni sherehe.

Mayu alikuwa amesimama mbele ya sinki lake, mikono juu ya kingo zake, kichwa kimeinama upande. Alisubiri. Maji yakaisha. Akaendelea kusubiri.

"Amenyamaza," alisema.

"Amefungwa vizuri, Mayu," Masunga akamwambia.

"Eeh." Akalipangusa na kitenge. "Labda kwa sababu ya safari. Asante, wanangu. Limefungwa vizuri sana." Akasema tena, "Vizuri sana," kisha akaenda jikoni kwa Rehema kuangalia kama ile taa nyekundu imezimika. Masunga akamfuata na begi la vifaa.

Nikabaki peke yangu uani. Nilichokifanya msije mkakifanya kwa mteja mwingine, na mkikifanya hakikisheni ule mkunjo wa chini ni mrefu wa kutosha kubakiza maji, harufu isipande. Huu ulikuwa mrefu, nilipima.

Nilichukua spana yangu, ile ya Masunga. Kwa wembe nikakata kipande cha ule mpira wa tyubu kutoka kwenye mpini, nikakikunja, nikapanda juu ya kigoda, nikakisokomeza kwenye mdomo wa kibomba cha hewa mpaka kikakaza. Nikashuka. Nikalijaza sinki maji hadi nusu, nikachomoa kizibo, nikaweka sikio ukutani. Kwanza lilinyamaza kabisa, kama halijasikia. Kisha likacheua.